Mwanachuo wa BTP (mazoezi ya kufundisha): andalio safi, lakini madaftari ya watoto yanasema vingine. Nijaze nini kwenye fomu?

MwlMbagala

Wakuu, habari za jioni.

Nipo shule moja ya msingi ya serikali huku Mbagala, nafundisha Hisabati Darasa la Tatu. Muhula huu nimekabidhiwa mwanachuo wa BTP, binti wa stashahada, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watoto wenyewe. Chuoni walikuwa wakifundishana wao kwa wao, mmoja anashika chaki, wengine wanajifanya Darasa la Tatu. Mnajua watu wazima wakijifanya watoto wanavyojibu vizuri.

Binti ana bidii, sitaki nieleweke vibaya. Anatoka Gongo la Mboto, anaunganisha magari mawili, na bado anafika kabla ya mwalimu wa zamu. Azimio la kazi analo, andalio la somo analo, mistari kapiga kwa rula. Zana anachora mwenyewe kwenye manila. Ukilitazama faili lake peke yake utasema mwalimu ndiye huyu.

Sasa Jumanne alikuwa na kutoa kwa kukopa. Akaandika ubaoni 402 – 156, akaenda hatua kwa hatua, akapata 246, sawasawa kabisa. Akageuka: "Tumeelewa?" Watoto mia na ushee wakaitikia, "Ndiyooo mwalimu!" Akawapa zoezi, swali la kwanza 503 – 247. Mimi nilikuwa nimebanana na watoto kwenye dawati la nyuma. Wa kulia kwangu akaandika 344. Wa kushoto 344. Nikanyanyuka nikapita mstari mzima: 344, 344, mmoja 256, mwingine naye 256 ila huyo nilimwona alivyochungulia kwa jirani. Kengele ikagonga, binti akafuta ubao, akatoka anatabasamu.

Ofisini nikaomba andalio lake nisaini. Sehemu ya tathmini ya mwalimu ilishajazwa: "Somo limeeleweka vizuri na wanafunzi wote walishiriki." Wino uleule wa kurasa nyingine. Kaijaza nyumbani usiku, kabla hata hajawaona hao wanafunzi wote.

Mkufunzi wake alishapita wiki iliyopita. Alikaa nusu kipindi, akaandika ubao mzuri, zana zinafaa, sauti inasikika, akawahi shule nyingine kabla foleni ya Kilwa Road haijakolea. Imebaki fomu yangu mimi mwalimu mlezi, inatakiwa Ijumaa. Kuna kipengele cha kumudu somo na kingine cha kupima uelewa wa wanafunzi, unaweka alama ya vema: vizuri sana, vizuri, wastani, dhaifu. Mwalimu mkuu ananiambia, "Mwandikie vizuri sana, usimkwamishe mtoto wa watu." Nikiandika hivyo nimedanganya. Nikiandika dhaifu nimemhukumu mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza. Nyie mnaolea hawa vijana mnajazaje? Na mwenyewe namwambiaje bila kumvunja moyo?

MzeeWaZamu

Andika vizuri sana, gonga muhuri, maisha yaendelee. Wote tulibebwa. Akimaliza chuo kuna usaili wa Sekretarieti ya Ajira unamsubiri, huko ndiko watakakomchuja. Wewe usiwe kisiki cha kwanza.

MwlMbagala

Usaili utamchuja yeye, mzee wangu. Hawa wa 344 mwakani wako Darasa la Nne na mtihani wa taifa.

Mama_Chaki

Mdogo wangu wa Mbagala, pole na hongera. Hongera kwa sababu ulinyanyuka kwenye dawati. Walimu walezi wengi ninaowajua, mwanachuo akiingia darasani wao wako ofisini na chai, au wamekwenda benki. Mwanachuo kaja, basi likizo imefika. Anabebeshwa vipindi vyote vya mwalimu, na vya jirani yake, halafu siku ya fomu tunamjadili kana kwamba tulikuwepo.

Mimi nipo Temeke, nalea wanachuo tangu hizi fomu zikiwa za kurudufu. Nikwambie ninavyofanya, utachagua kinachokufaa.

Kwanza hayo madaftari. Usimweleze kwamba somo halikueleweka. Chukua matano, kutoka pembe tofauti za darasa na siyo ya wale wanaokaa mbele, myaweke mezani, umuulize: "Huyu mtoto amewaza nini mpaka akapata 344?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo utajua una mtu wa namna gani. Akikwambia "hawasikilizi hawa," una kazi. Akianza kufuatisha kwa kidole, tatu kutoa saba haiwezekani kwa hiyo mtoto kageuza akatoa tatu kwenye saba akapata nne, sifuri na nne hivyohivyo kageuza akapata nne, tano kutoa mbili tatu, huyo ameshaanza kuwa mwalimu na wewe usimwache apotee.

Maana 344 siyo uzembe. Mtoto ana kanuni yake kichwani, kila safu toa ndogo kwenye kubwa, na ameifuata bila kukosea hata mahali pamoja. Ukimwekea X nyekundu hajui unakataa kipi. Na hesabu ambazo binti amechagua ni ngumu kuliko alivyodhani, zile za sifuri katikati. Mtoto anataka kukopa kumi, anakuta nyumba ya makumi haina kitu, inabidi apande kwenye mamia, avunje mia moja, ashushe makumi kumi, ndipo akope. Ubaoni inaonekana hatua moja kwa sababu mkono wa mwalimu unakwenda haraka. Angeanza na 452 – 126 kwanza, wazoee kukopa mara moja tu, siku mbili tatu. Hilo andalio lenye mistari ya rula halikumwambia, na mkufunzi wa nusu kipindi hakuliona, lakini wewe umeliona. Kwa hiyo una cha kumfundisha.

Pili, jambo moja kwa siku. Wewe umeshaona makosa chungu nzima, nakujua, mwalimu hawezi kujizuia. Usimwagie yote. Mimi humwambia mwanachuo, wiki hii tunashughulika na swali lako la "Tumeelewa?" tu. Nalipiga marufuku. Hakuna mtoto wa Dar es Salaam atakayesema hapana mbele ya wenzake mia. Badala yake, watoto wote waandike jibu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, namba kubwa, wainue juu. Huwezi kusoma yote, soma mstari mmoja wa madawati, kesho mstari mwingine. Inachukua dakika mbili kati ya arobaini, na inampa mwanachuo kitu ambacho hakuna faili litakalompa: anaona kabla hajafuta ubao.

Tatu, kama mna mikondo, wewe fundisha 3A yeye akiwa amekaa na watoto, kazi yake ni kuandika watoto wanakosea nini tu. Halafu yeye achukue somo hilohilo akafundishe 3B siku hiyohiyo, wewe ukae. Shule zetu za zamu mbili mkondo wa pili unaweza kuwa mchana, haidhuru. Anaiba mbinu yako ikiwa bado ya moto, na akiibadilisha mnajua wote kabadilisha wapi.

Nne, usimsahihishe mbele ya watoto. Watoto wa huku wakishanusa kwamba huyu siye mwalimu kamili, kwisha habari yake. Akikosea ubaoni mimi nanyoosha mkono kule nyuma: "Mwalimu, mie pale kwenye sifuri sijaelewa, naomba urudie." Watoto wanacheka, bibi mzima hajaelewa, yeye anageuka anaona kosa, anarekebisha, heshima yake ipo palepale.

Sasa fomu. Kulea na kupima ni kazi mbili, na chuo kimezirundika kwako zote. Usigombane nacho, gawa mwenyewe. Kwenye vema weka unachokiona, maandalizi vizuri sana kwa sababu ni kweli, kupima uelewa wastani kwa sababu hujampa hata nafasi ya kujaribu tena. Uzito uweke kwenye maoni. Huko andika tarehe, mada, watoto walifanya nini, ulimwelekeza nini, na akakifanyaje mara iliyofuata. Mistari minne mitano inatosha. "Ni mwalimu mzuri mwenye nidhamu" usiandike, hiyo sentensi nimeikuta kwenye fomu za watu ambao leo hawapo kazini.

Na fomu asiione kwa mara ya kwanza huko chuoni. Msomee kabla hujagonga muhuri.

Mkufunzi_Mstaafu

Nimekuwa upande wa pili wa hizo fomu miaka mingi, kwa hiyo niseme kidogo.

Mkufunzi aliyekaa nusu kipindi simtetei, ila mjue anavyofanya kazi. Anapewa orodha ya shule zilizotawanyika, Mbagala, Chanika, Bunju, na siku chache, na gari moja la chuo ambalo mafuta yake yana hadithi ndefu. Anachoweza kukagua ndani ya dakika ishirini ni kile kinachoonekana kwa dakika ishirini: mavazi, sauti, ubao, zana, faili. Ndiyo maana fomu zimejaa hayo. Kujifunza kwa mtoto kunahitaji muda kuonekana, na mwenye muda ni mwalimu mlezi.

Ile tathmini iliyojazwa usiku, msimlaumu binti peke yake. Sisi tumewafundisha hivyo. Tukifungua andalio tukakuta sehemu ya tathmini na ya maoni tupu tunakata alama, hatuulizi iliandikwa lini. Kwa hiyo mwanachuo mwerevu anajaza zote kabla ya kulala. Nilikuwa nawaambia wangu waiache wazi waijaze wakiwa bado na vumbi la chaki, na mimi nilikata alama kwa aliyeandika "somo limeeleweka" bila kuonyesha kwa namba. Wangapi walipata swali la kwanza? Walioshindwa walishindwa hatua ipi? Kesho utaanza na nini? Hayo matatu yakijibiwa kwa Kiswahili cha kawaida, hata kwa mwandiko mbaya, yananitosha.

Mama Chaki namheshimu, lakini hapa tunatofautiana kidogo. Huruma ya "wastani" kwa kila mtu ina hasara yake. Wapo vijana, wachache, ambao darasa siyo mahali pao, na ni haki yao kuambiwa BTP ya kwanza wakati bado wanaweza kubadili njia. Nimeona mtu anafaulu mazoezi yote kwa huruma za walezi watatu, anaajiriwa, watoto wanamlipia deni miaka thelathini. Huyu binti wa Mbagala sidhani kama ni mmoja wao. Mtu anayefika kabla ya mwalimu wa zamu akitokea Gongo la Mboto anabebeka.

Kuna jambo la zamani ambalo wengi mmelisahau. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka watoto wote waende shule, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko shuleni, sehemu ya siku wanafundisha, sehemu ya siku wanasoma, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na wasimamizi wanaozunguka. Walimu hao wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, tuliwacheka sana, na elimu yao kweli ilikuwa fupi. Lakini jioni walikaa wakazungumza juu ya somo la asubuhi ileile, na watoto walewale. Siku hizi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wanakaa shuleni kujadili ufundishaji, na mwanachuo aliyepo palepale haalikwi. Mwalimu wa Mbagala, hizo daftari tano zipeleke kwenye kikao cha MEWAKA, binti awepo. Asiwe mshtakiwa, awe ndiye anayeuliza: nyie wenzangu mkifika kwenye sifuri ya katikati mnafanyaje? Utashangaa wazoefu wangapi watakaa kimya.

mwanachuo_mwaka1

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanachuo, nipo BTP shule nyingine hapahapa Dar es Salaam, siyo huyo dada, ila kama vile mmeniongelea mimi.

Naomba niseme ya upande wetu. Siku ya pili tu nilipewa vipindi vyote vya mwalimu wangu na sijamwona darasani tena, mpaka leo sijui yeye mwenyewe anafundishaje. Nilipotambulishwa mstarini niliitwa "huyu mwanachuo wetu", sasa watoto wananiita mwanachuo. Nauli nakopa. Mchana kama hela haipo nakaa darasani nasahihisha ili nisionekane sili.

Tathmini na mimi najaza usiku. Mwalimu hapo juu kasema ukweli, tukiiacha wazi tunaulizwa.

Kinachonitisha zaidi ni kutokujua nimeandikwa nini. Mlezi wangu ni mtu mzuri, ananiambia "unajitahidi", lakini fomu anaitia kwenye bahasha anaibandika gundi. Ningependa aniambie hata baya, nikijua Jumatatu nifanye nini tofauti.

Na jingine. Walimu wengine wananiambia bila fimbo darasa la watoto mia hulimudu, wananiwekea kabisa mezani. Nikikataa naonekana najidai.

Mtaaluma_Kinondoni

Mwanangu, marahaba. Hiyo fimbo irudishe ilikotoka, na ukiulizwa sema mimi nimekataza. Kanuni za viboko za 2002 ziko wazi: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua yeye kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwalimu wa mazoezi humo hayumo. Wakumbuke ile video ya Mbeya ya 2016, wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi walionekana wakimpiga mwanafunzi ofisini, na vyuo vyao vikawafukuza. Waliozoea kugawa fimbo hizo hawakufukuzwa nao.

Hapa kwetu mwanachuo akiripoti, mwalimu mkuu anasoma utaratibu huo mbele ya walimu wote siku ya kwanza, na mlezi anasaini kwamba atakuwa ndani ya darasa wiki zote za mwanzo. Anayetoka anaandikwa. Walilalamika mwanzoni. Na mstarini anatambulishwa "Mwalimu" na jina lake, basi.

La nauli sina jibu. Chai ya saa nne tunachanga.

MwlMbagala

Asanteni sana, nimesoma yote, na kijana wa mwaka wa kwanza nimekutumia ujumbe pembeni.

Mrejesho. Jana baada ya zamu ya asubuhi nilimkalisha binti na madaftari matano, nikauliza kama Mama Chaki alivyosema, nikanyamaza. Alikaa nayo muda. Kwanza akasema wamechanganya kujumlisha na kutoa. Nikanyamaza. Akachukua penseli akaanza kufuata safu, halafu akasema, "Mwalimu, kumbe hawajakopa kabisa. Wamegeuza." Kisha akafungua faili lake, akakata ule mstari wa "somo limeeleweka" akaandika pembeni: tisa kati ya kumi na wawili wa mstari wa dirishani wamegeuza safu, kesho tunaanza bila sifuri. Sikumwambia aandike. Nikasaini hapohapo.

Leo amefundisha 452 – 126 na madaftari yakainuliwa. Kulikuwa na kelele, mtoto mmoja aliinua daftari la Sayansi, lakini aliona mwenyewe wapi pamekwama na akarudia kabla ya kengele. Bado anaongea na ubao sana. Hilo nimeliweka kiporo wiki ijayo.

Fomu nimejaza hivi: maandalizi, vizuri sana. Kumudu somo, wastani. Kupima uelewa, wastani. Maoni nimeandika tarehe mbili, mada mbili, na kilichobadilika kati yake. Nimemsomea. Alinyamaza kwenye "wastani", kisha akauliza kama ile tarehe ya pili itakuwa na alama yake peke yake. Nikamwambia fomu haina nafasi hiyo ila nitamwomba mkufunzi akirudi akae kipindi kizima, hata kama atachelewa Chanika. Mwalimu mkuu kaguna, kisha kagonga muhuri.

MEWAKA ni Alhamisi ijayo, tumeombewa nafasi.

Mama Chaki, swali la mwisho. Nataka arudi kwenye 402 akiwa na vitu vya kushika, siyo picha kwenye manila. Kaunta za kuhesabia za shule zimebaki chache. Wewe unatumia nini?

Mama_Chaki

Chelewa, zile njiti za ufagio. Fagio moja la sokoni linatosha, kata vijiti urefu wa kidole, watoto wenyewe wakusaidie kuhesabu. Kumi kumi funga kwa mpira wa pesa, mafungu kumi yaingie kwenye mfuko mmoja, hiyo ndiyo mia. Mifuko minne na vijiti viwili, 402 hiyo hapo mezani. Vijiti sita unavitoa wapi? Mtoto aje mbele afungue mfuko mwenyewe, atoe fungu moja, alivunje. Hakikisha binti hafungi kwa gundi wala selotepu. Kuna mwanachuo aliniletea mafungu mazuri kweli, kayabandika yasimwagike, kipindi kizima hakuna lililofunguka.